Kasha la Santuri za Kosmas

Zuhura,

Salamu naziruka. Tutapeana kesho stendi mbele ya mama yako, na zitakuwa fupi kama kawaida yetu. Sasa ni baada ya alasiri. Umetoka kuwaaga rafiki zako, mama yako yuko uani anakukaangia karanga za kulisha kijiji kizima, na mimi nimejifungia karakana na kasha. Lile kasha. Najua kwamba tangu Jumatano hutaki hata kulitazama.

Maagizo ya safari ya Kampala umeshapewa na mama yako: laini ya simu, chakula cha njiani, jinsi ya kushika mkoba basi likisimama Kahama. Sina la kuongeza. Mambo yote ya maana ya kuishi na watu ulifundishwa naye, binti wa mkulima wa Didia. Mimi, mtoto wa karani wa pamba, niliyeletwa huku kutoka Tanga nikiwa na miaka kumi na kukaa nikisubiri kurudi mpaka wote wa kuwarudia wakafa, nimekufundisha kitu kimoja tu. Nimekufundisha kudharau. Na kwa kuwa ulikuwa mwanafunzi mzuri, imenibidi kuandika.

Umekulia katika nchi ya dhahabu lakini mama yako hakukuruhusu kukaribia machimbo, kwa hiyo huenda hujawahi kumwona broka, mnunuzi wa dhahabu, akiwa kazini. Mimi nimewatazama kwa miaka mingi, kwa sababu nilikuwa nikizunguka kambi kwa kambi kutengeneza redio. Mchimbaji anatoka shimoni, ananawa uso, anakuja na punje yake ndani ya karatasi ya sigara. Anaifungua taratibu kama mtu anayemwonyesha jirani mtoto mchanga. Broka hatazami. Anaendelea kuchokonoa meno. Baadaye anatupa jicho mara moja, anakunja uso kama mtu aliyepewa mboga iliyochacha, na kusema, "Hii ina shaba." Au anauliza imetoka shimo gani, na akitajiwa anaguna, kwamba ya shimo lile haina rangi. Basi. Hahitaji kusema zaidi. Mtu aliyekuwa anatetemeka kwa furaha asubuhi anaanza kuitazama punje yake kama kitu alichookota jalalani, anaona haya kwa kuileta, na hapo ndipo broka anapomwonea huruma na kumpunguzia mzigo.

Nilikuwa nawaona watu wa hovyo, na leo bado nawaona hivyo. Lakini somo lao nililishika kuliko vitabu vyote unavyoviona hapo juu ya kabati.

Sasa kuhusu kasha. Nilikuambia kwamba nilipewa na Mwingereza. Si kweli. Mwingereza alikuwepo, lakini hakunipa mimi.

Alikuwa fundi wa mitambo ya kuchoronga miamba, kampuni yake ikitafuta dhahabu upande wa Geita na Bukombe miaka ya tisini. Watu walimwita Kolini. Wenzake walikuja na bia za kopo. Yeye alikuja na mashine ya santuri na kasha la mbao lililokuwa la kubebea vichwa vya kuchorongea, ndani mna santuri arobaini na kidogo. Ulikuwa muziki wa vijana wa kwao, wenyewe wakiuita reivu, na ule mkali zaidi wakiuita hadikoo. Ngoma za mashine zilizokatwakatwa na kukimbizwa, kinanda kinachogonga kama mtu anayebisha mlango nyumba ikiungua, sauti ya mwanamke iliyoharakishwa mpaka ikawa ya mtoto. Waliucheza kwenye maghala matupu na katikati ya mashamba ya watu, polisi wakiwatimua. Waliotengeneza santuri hizo wengi wao hawajulikani. Walichapisha chache, wakazipeleka dukani wenyewe zikiwa kwapani, nyingine hazina hata jina, karatasi nyeupe tu katikati. Ile yenye muhuri wa konokono wa wino wa bluu, ambayo umeikodolea macho maisha yako yote, haina neno jingine lolote.

Mpishi wa kambi alikuwa Kosmas, Msumbwa wa Ushirombo aliyelelewa misheni na kujifunza huko kuoka mikate. Kolini alimwonyesha namna ya kushusha sindano, na baada ya mwezi mmoja Kosmas akawa anajua kila santuri kwa mkwaruzo wake. Mimi niliingia humo kwa sababu ya mkanda. Mkanda wa mashine ulikatika, na mkanda wa aina ile haukupatikana kutoka Mwanza hadi Tabora. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikaunganisha kwa gundi, ukashika. Ulikuwa mnene kuliko wa asili, kwa hiyo santuri zikawa zinakwenda mbio kuliko zilivyotengenezwa. Kolini alicheka mpaka akakaa chini. Kosmas alisikiliza akiwa na mwiko mkononi, akasema, "Sasa ndiyo zimeamka."

Kolini alipomaliza mkataba alimwachia Kosmas vyote, mashine na kasha. Kosmas akavipeleka nyumbani kwake Ushirombo. Nilimfungia mashine ifanye kazi kwa betri ya gari, na kila Jumapili baada ya misa alizicheza uani, kwa watoto wa jirani, kwa wachimbaji waliopita, kwa wanakwaya waliokuwa bado na sare zao. Kila nilipokuwa na kazi upande ule nilipita kwake. Nilimwambia wazi kwamba muziki wenyewe siuelewi.

"Fundi," alisema, "huu usiusikilize kwa masikio. Usikilize kwa magoti."

Nilimcheka. Nilikuwa mtu wa vitabu, na magoti yangu yalikuwa ya kusalia tu.

Miaka ikapita, mjini ikaja intaneti ya kulipia kwa saa. Wengine waliingia kuandika barua za kuomba kazi. Mimi, kwa udadisi, niliandika maneno ya kuueleza ule muhuri wa konokono. Nikakuta watu. Zuhura, sijui nikuelezee vipi watu wale bila kutema mate. Wanaume wazima, wenye familia nadhani, waliokuwa wamebishana kwa miezi kama konokono anatazama kushoto au kulia. Mmoja alikuwa akiitafuta santuri ile kwa miaka mingi na hakuwahi kuisikia. Walijua namba zinazokwaruzwa kwa mkono karibu na tundu la katikati, walijua rangi ya wino, walijua ganda gani la karatasi la kufungia santuri ni la asili. Nilipowaandikia kwamba nimeiona kwa macho yangu Afrika, wote waliniuliza swali moja: imeshachezwa? Waliomba Mungu iwe haijachezwa. Muziki wa kurukia, uliotengenezwa na watoto wasio na kitu ili watoto wengine wasio na kitu wauruke mpaka asubuhi, na ndoto ya hawa ilikuwa nakala ambayo haikuwahi kumrusha mtu.

Ningewacheka na kuondoka. Badala yake nilitaka wanione. Ulikuwa ugonjwa wangu wa siku nyingi, wa mtu anayejua mambo mengi mahali ambapo hakuna anayemuuliza. Hapa Shinyanga nilikuwa fundi redio tu mwenye lafudhi ya pwani. Kule kwenye kioo nilikuwa mtu wa konokono. Nikanunua daftari, nikaanza kujifunza namba, na nikaamua kwamba kasha lile haliwezi kubaki kwa mpishi.

Siku niliyokwenda kulichukua nilikuchukua na wewe. Ulikuwa na miaka sita, ulililia safari. Sidhani kama unakumbuka, na tangu Jumatano nimeanza kudhani kwamba unakumbuka.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Kosmas alitupokea vizuri, mkewe akakuletea andazi. Wanawe wawili, vijana wakubwa, walikuwa wamekaa ukutani. Kosmas akaweka konokono. Wewe ukaacha andazi, ukaingia katikati ya uwanja na kuanza kuruka. Hukuwa unacheza kama watoto wa harusini. Ulikuwa unaruka kama kitu kilichoachiwa kutoka kwenye kamba, na Kosmas, mtu wa karibu miaka sitini, akaingia akaruka na wewe, akiinua magoti, shati lake la kanisani limetoka nje ya suruali. Alikuwa anacheka bila sauti.

Nami nikachokonoa meno.

Nakuandikia maneno yenyewe, maana nimeyabeba muda mrefu na sitaki kuyapunguza uzito. Nilingoja santuri ifike mahali pa utulivu, pale kinanda kinapobaki peke yake, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mzee Kosmas, mtu mzima, wajukuu wako ndani, unarukia kelele za karasha. Watu wa parokia wanakuonaje?"

Karasha unalijua, ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Hakuna mtu wa huku anayeliita muziki. Vijana wale wawili wakacheka. Mmoja akasema, "Fundi mwambie, sisi ametushinda." Nikaendelea. Nilisema kule zilikotoka watu walishazitupa zamani, kwamba nimesoma habari zake, ni muziki wa walevi. Nilisema sindano imekwisha na anachosikia yeye ni mikwaruzo tu. Na ulipokuwa bado unaruka, kwa sababu wewe hukuona kilichotokea, nilikushika mkono na kukuambia mbele ya watu wote, "Acha kujirusha kama kichaa." Nilihitaji uache. Mtoto anayefurahi angeniharibia kazi.

Kosmas aliinyanyua sindano. Akaifuta vumbi.

"Kumbe," alisema.

Hakuuliza bei. Nilimwambia kwa huruma, ile huruma ya broka, kwamba naweza kumwondolea takataka hizo nikamwachia redio kaseti nzima, niliyoitengeneza mwenyewe, asikilize taarifa ya habari kama wazee wenzake. Alilibeba kasha mwenyewe hadi barabarani. Mashine aliiweka juu yake. Basi lilipokuja alitupungia mkono, na wewe tu ndiye uliyempungia.

Mama yako aliliona kasha sebuleni akauliza nimemwachia nini yule mzee. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichagua mchele, halafu akasema, "Sasa cheza, tukuone."

Sikucheza, unajua. Nilizifuta. Zilikuwa na alama za vidole vyenye mafuta ya kupikia, nikazitoa kwa pamba na spiriti, alama moja moja, mpaka hakuna aliyeweza kujua kwamba Kosmas aliwahi kuzishika. Nikaagiza mkanda halisi kutoka ng'ambo na kuutupa ule wa mpira wa baiskeli. Nikamweka konokono kwa mwendo wake halali kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wimbo wa kawaida, Zuhura. Ulikuwa umelala. Nikairudisha kwenye ganda lake na kuandika namba kwenye daftari.

Usinisifu kwamba sikuwauzia wale wanaume. Niliwanyima kwa sababu niligundua utamu wa kunyima. Waliniandikia kwa unyenyekevu, nami nikawajibu kwa mistari miwili miwili, kama mkubwa. Nilikuwa nawadharau kwa kukitaka kitu wasichokisikia, huku mimi nikiwa nacho chumbani na sikisikii vilevile. Hakuna mkusanyaji duniani niliyemdharau ambaye sikuwa nimemzidi.

Mwezi uliopita aliingia hapa mwanamke na redio kwenye mfuko wa salfeti, anatoka Ushirombo, amemleta mtoto hospitali. Nikaifungua, nikaona lehemu yangu mwenyewe. Ilikuwa ile redio. Nikamuuliza ni ya nani, akasema ya baba mkwe wake, anaitwa Kosmas, mzee sana sasa lakini mzima, na anaitaka haraka kwa sababu ya matangazo ya vifo.

"Hasikilizi kingine?" nilimuuliza.

"Yule? Vifo tu. Ukiweka muziki anatoka nje."

Akacheka kidogo, kama mtu anayesimulia vituko vya wazee. "Wanasema zamani alikuwa mtu wa ngoma," akasema. "Mimi nimeolewa pale, sijawahi kumwona hata akitikisa kichwa."

Niliitengeneza bila malipo na sikumtuma salamu. Sikumtuma salamu kwa sababu niliogopa kwamba zingefika.

Halafu ikaja Jumatano. Uliniita nije unionyeshe utakachokwenda kukicheza Kampala. Uliunganisha kompyuta yako na spika yangu, ukaweka singeli yako, na chini yake ukaingiza vipande vya hadikoo ulivyovipakua sijui wapi. Nilikuwa nimeshakunja uso kabla hujabonyeza. Ukasema, "Hapa nakiongeza mwendo, baba, chenyewe kinasinzia," na ukakiongeza, ukasikiliza, ukapunguza kidogo, ukaongeza tena, mpaka ukafika mahali ukaridhika.

Zuhura, mahali ulipofika nilipajua. Nimetengeneza mashine maisha yangu yote na masikio yangu hayadanganyiki katika jambo hilo. Haukuwa mwendo halali wa konokono, wala haukuwa wa singeli. Ulikuwa mwendo wa mpira wa baiskeli, mwendo wa uani kwa Kosmas, ambao hukuusikia popote duniani isipokuwa pale, siku moja, dakika chache, kabla sijakushika mkono.

Nami nikakuambia nini? Nilikuambia hizo ni kelele, kwamba Waganda watakupigia makofi ya huruma. Ukaniomba kasha, nikasema kasha si la kuchezea kwenye mabaa. Ukanijibu: "Baba, wewe unazijua namba zake zote. Hujui hata wimbo mmoja."

Nilikuponda kwa sababu nilitaka ubaki. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo. Mtu akishazoea kupata vitu kwa njia ile, hana mkono mwingine wa kunyooshea. Ningeweza kukuambia kwamba nyumba hii bila wewe nitaisikia kimya mpaka kwenye meno. Nikasema kelele.

Huko uendako watakukunjia uso wengi. Hao hawanitishi, umekulia kwangu, unawajua. Ninachoogopa ni uso wako wewe. Nilikusikia mwaka jana ukimwambia rafiki yako Rehema kwamba nyimbo anazozipenda ni za watu wasiofikiri. Ulilisema vizuri sana, kwa maneno machache, huku ukitazama pembeni. Nilijivunia. Rehema hajarudi hapa kuimba jikoni na mama yako, na wewe hukuwahi kujiuliza kwa nini. Sina dawa ya jambo hili ya kukupa. Nimefika umri huu nikiwa bado nalo, na hata barua hii naona nimewadharau ndani yake watu nisiowafahamu. Ila unapokuwa mbele ya mtu aliyefungua karatasi yake kukuonyesha kitu anachokipenda, na ukasikia uso wako unaanza kukunjika wenyewe, ujue uso huo si wako. Ni wangu, na mimi niliutoa kwa mabroka.

Basi, kasha. Siwezi kukupa, kwa sababu si langu. Nilifikiri nikufungie ulishushe Ushirombo, umkabidhi mzee na kumwambia baba yangu anaomba radhi. Nilikuwa nimeshaandika hivyo kwenye karatasi nyingine. Nimeichana. Mtu aliyekutumia ukiwa na miaka sita asikutumie tena ukiwa mkubwa.

Nimekata tiketi yangu. Mama yako anajua. Yeye ndiye aliyekwenda stendi. Nitakuwa viti vitatu nyuma yako, na kasha litakuwa miguuni kwangu, na mashine mapajani. Asubuhi hii nimekata mpira wa baiskeli na kuufunga. Nimeupima na saa mara nne. Barua hii utaisoma tukishaondoka. Ukifika hapa tutakuwa tumepita Didia, labda tunakaribia Tinde. Usigeuke. Nisingeweza kusema haya huku unanitazama.

Ushirombo nitashuka. Nimemwomba mwanamke yule wa redio kwa simu awe nyumbani, na wana wale wawili wa Kosmas wawepo, maana walikuwepo siku ile. Nitamwambia Kosmas mbele yao kwamba nilidanganya, kwamba sindano ilikuwa nzima na muziki ulikuwa muziki, na nilijua. Anaweza kunifukuza. Anaweza kusema "kumbe" tena, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Kama unalitaka kasha, shuka na mimi, basi la siku inayofuata lipo. Mwombe mwenyewe. Usimwambie linapendwa na nani huko duniani wala lina thamani gani, mwambie tu ulirukia uani kwake. Akikupa, utakwenda nalo Kampala. Akikunyima, mshike mkono, umshukuru kwa andazi, upande basi.

Na kama ataweka konokono, mimi nitakuwa pembeni. Magoti yangu yana miaka sabini na miwili na hayajui kitu. Mtanisamehe mnavyoweza, mkicheka chekeni.

Ni mimi, nyuma yako,
Baba